Kijapani kifundishwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu masomo ya Kijapani hapa nchini. Mimi ni dereva wa watalii Arusha, na lugha hiyo nilianza kuisikia kabla sijaisoma. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na niliwahi kuwa na Noah ambayo kila asubuhi nikiiwasha sauti ya mwanamke inaniambia kwa upole: "ETC kaado ga sounyuu sarete imasen." Nilimsikiliza karibu miaka miwili. Fundi mmoja wa redio akanihakikishia kuwa anakumbusha kumwaga oili.

Kumbe alikuwa anasema kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kasi za huko kwao, haijaingizwa. Hilo nilikuja kulijua darasani, na darasa hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kituo kimoja cha hapa mjini, ambacho sitakitaja, kilifungua masomo ya jioni. Tulianza watu ishirini na kitu: madereva, wapagazi wa mlimani, mabinti wa mapokezi wa hoteli, vijana wawili watatu wanaowinda ufadhili wa kwenda kusoma. Mwalimu alikuwa Mjapani wa kujitolea, mtu mwema kabisa. Lakini kitabu kilikuwa cha Kiingereza, maelezo Kiingereza, na majaribio tunaulizwa kwa Kiingereza. Wa kwanza kukimbia walikuwa wapagazi. Kijapani hakikuwashinda. Kilichowashinda ni Kiingereza cha kukielezea.

Na hapo ndipo ninaposema tunajichelewesha. Kitabu kile kilitumia kurasa nzima kumfundisha mtu kutamka a, i, u, e, o. Irabu za Kijapani ni hizo tano, zinakaribiana mno na zetu, na silabi zao karibu zote huishia na irabu kama zetu. Ndiyo maana sisi tukichukua neno la Kiingereza tunasema basi, hoteli, kadi, na wao wanasema basu, hoteru, kaado. Kwao r na l hazitofautishwi. Ninao ndugu kijijini ambao wangejisikia nyumbani. Kurefusha irabu nako hubadili maana: obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Anayejua tofauti ya kufa na kufaa haelezwi zaidi.

Njoo kwenye vitenzi. Taberu ni kula. Taberareru ni kuliwa. Tabesaseru ni kulisha. Tabesaserareru ni kulishwa. Kwa Kiingereza mwalimu alitumia jioni nzima na michoro ya mishale ubaoni. Jirani yangu, mpishi wa safari aliyeishia darasa la saba, aliponong'onezewa maneno hayo manne kwa Kiswahili alisema, "Ah, kumbe ni mkia tu unaongezwa," akaendelea na vitenzi vingine mwenyewe.

Lakini kilichonigusa zaidi ni upande wa utamaduni, ambao huku kwetu tukiambiwa tunadhani ni kuvaa kimono siku ya maonyesho na kuonjeshwa samaki mbichi. Siku moja tulifika kwenye neno otsukaresama, ambalo Wajapani huambiana kazi ikiisha. Kitabu kilitafsiri kwa maana ya "lazima umechoka". Mimi nilikuwa nimeshaambiwa neno hilo na mzee mmoja niliyemrudisha kutoka Ngorongoro, nami sikuwa nimechoka, kwa hiyo nilibaki nashangaa. Mwalimu alihangaika kueleza: si kwamba mtu amechoka, ni kumthamini, ni kumpa heshima... Dada mmoja wa nyuma akauliza, "Si pole na kazi tu?" Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, aliandika "pole na kazi" kwenye kiganja chake.

Baada ya hapo tukawa tunashindana kutafuta. Gomen kudasai ya mlangoni tukaiweka na hodi yetu. Okaeri ya kumpokea aliyerudi nyumbani, karibu. Kwa Kiingereza kila moja ya hizi ni somo la adabu ngeni; mtoto wa Kitanzania amezaliwa nazo.

Sidanganyi kwamba kila kitu ni mteremko. Kanji, zile alama za maandishi zenye asili ya Kichina, za matumizi ya kawaida ni 2,136, na huko Kiswahili hakikusaidii hata moja. Kitenzi kukaa mwisho wa sentensi nako kuliniumiza kichwa.

Kuna watakaosema Kiingereza chenyewe bado kinatusumbua, Kijapani cha nini? Hao nawaambia wasimame geti la Marangu la kupandia Kilimanjaro waone wageni wa Kijapani wanavyomgeukia mpagazi anayeweza kuwasalimia. Na kama Kichina kimepata Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sioni kwa nini Kijapani kibaki cha madarasa yanayofungwa mwalimu akipanda ndege. Letu lilifungwa hivyo. Muda wake uliisha, hakuna aliyeandaliwa kupokea kijiti, na vitabu vikafungiwa kabatini.

Watu wa kuandaa kitabu cha Kiswahili wapo. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili hadi shahada, hivyo kule wamo wanaozijua lugha zote mbili. NHK, shirika la utangazaji la Japani, ina matangazo ya Kiswahili na hata masomo ya Kijapani kwa Kiswahili, ambayo yamenisaidia sana, ingawa redio haiwezi kukusahihisha ukikosea. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ipo Dar es Salaam. Naomba wakae meza moja na ubalozi, waanze na kitabu kimoja cha kiada na Watanzania wachache wa kufunzwa ualimu wake. Waanze na hao waliowahi kuvuka Namanga kwenda kufanya JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani, Nairobi kwa nauli yao wenyewe. Ninawafahamu watatu.

Kama kitabu hicho kitaandikwa, daftari langu la otsukaresama na wenzake ninalo bado. Lina madoa ya chai kurasa za mwanzo, lakini linasomeka.

Dereva wa watalii,
Arusha