Kanuni ya siku ya 14 inawapotosha wanaotafuta mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kanuni moja inayorudiwa mara kwa mara katika kurasa za afya, katika vipindi vya redio na hata na baadhi ya watoa huduma wenzangu: kwamba mwanamke akihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, yai lake hupevuka siku ya 14, na kwamba hiyo ndiyo siku ya kushika mimba. Kanuni hiyo humfaa mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 na haubadiliki. Wanawake wa namna hiyo ni wachache kuliko tunavyoaminishwa, na wengine wote wanaofuata hesabu hiyo hupoteza miezi, na mara nyingine miaka, wakikutana na waume zao katika siku zisizo na yai.

Sehemu ya mzunguko ambayo haibadiliki sana ni ile inayofuata baada ya yai kutoka. Ile inayotangulia ndiyo hurefuka au kufupika. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1924 daktari wa Kijapani Kyusaku Ogino alionyesha kwamba yai hutoka kati ya siku ya 12 na ya 16 kabla ya hedhi inayofuata, na miaka michache baadaye Hermann Knaus wa Austria akafikia matokeo yanayokaribiana na hayo. Kwa hiyo hesabu sahihi huanzia kwenye hedhi inayotarajiwa na kurudi nyuma. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 35 hupevusha yai karibu na siku ya 21, na mwenye mzunguko wa siku 24 hupevusha karibu na siku ya 10. Wa kwanza akikutana na mumewe siku ya 14 kisha wakapumzika, wamewahi kwa wiki nzima. Wa pili akiisubiri siku hiyo hiyo ya 14, yai limeshakufa siku kadhaa zilizopita.

Yai likishatoka huishi kati ya saa 12 na 24 tu, lakini mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku tano ndani ya mwili wa mwanamke iwapo zimekuta ute mzuri wa uzazi. Hapa ndipo ilipo siri ya hesabu nzima, kwa sababu tendo la ndoa linapaswa kulitangulia yai, si kulifuata. Mwaka 1995 Allen Wilcox na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake 221 wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wakitafuta mimba na ambao mkojo wao ulipimwa kila siku. Mimba zilitungwa pale tu tendo lilipofanyika ndani ya siku sita zinazoishia siku ya yai kutoka. Uwezekano ulikuwa kama asilimia 10 siku tano kabla ya yai kutoka, na ukafika kama asilimia 33 siku yenyewe. Watafiti hao hao walieleza mwaka 2000 kwamba ni kama asilimia 30 tu ya wanawake ambao siku zao zote za rutuba ziliangukia kati ya siku ya 10 na ya 17 ya mzunguko.

Nawafikiria hasa wake wa madereva wa malori, wa mabaharia na wa wachimba madini, ambao waume zao huja nyumbani kwa siku chache kisha wakaondoka. Mke wa namna hiyo anaweza kukaa kwenye ndoa miaka mitatu bila mimba kwa sababu tu likizo za mume hazijawahi kukutana na zile siku sita, na mawifi wakawa wameshamwita tasa. Namfikiria pia mwanamke wa Kiislamu mwenye mzunguko wa siku 24 na hedhi ya siku saba: akioga josho siku ya nane, zimebaki kama siku tatu tu kabla nafasi ya mwezi huo haijafungwa. Huyu akiambiwa angoje siku ya 14 amedhulumiwa.

Kwa wale ambao mzunguko wao hubadilika, kalenda peke yake haitoshi, na ningependa waandishi wako wauzungumzie zaidi ute wa ukeni. Siku za rutuba zinapokaribia, ute huongezeka, hulowanisha, huwa angavu na huvutika kama ule mweupe wa yai bichi. Mwanamke hahitaji fedha wala kifaa ili kuutambua. Joto la mwili hupanda kidogo baada ya yai kutoka, kwa hiyo linathibitisha yaliyopita bila kutabiri yajayo. Wanaojisafisha ukeni kwa dawa na majani wakiamini wanasafisha kizazi wanauondoa ute huo huo unaozihifadhi mbegu, na wanaweza kujisababishia maambukizi.

Hata wakati ukipatwa sawasawa, mimba si lazima ishike mwezi huo. Kwa wenzi vijana wenye afya, uwezekano katika mwezi mmoja ni takriban mmoja kati ya wanne au watano. Miezi minne au mitano ya kusubiri si ugonjwa. Uchunguzi hupendekezwa baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga, au baada ya miezi sita iwapo mwanamke amefikisha miaka 35, na mapema zaidi kwa mwenye hedhi zinazopotea au aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, kwani klamidia na kisonono huweza kuziba mirija.

Uchunguzi huo ni wa watu wawili. Upande wa mwanamume huhusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke, katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, na kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vipimo vingi anavyofanyiwa mkewe. Inaniumiza kuona mwanamke akizungushwa kliniki na kwa waganga ilhali mumewe hajapimwa hata mara moja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba ukurasa wa afya utakapogusa tena mada hii uache kuitaja siku ya 14 kama siku ya wanawake wote, uwaeleze wasomaji namna ya kuhesabu kurudi nyuma kwa kutumia kumbukumbu za mizunguko yao ya miezi sita au zaidi, na uandike waziwazi kwamba mume naye anatakiwa kwenda hospitali pamoja na mkewe siku ya kwanza.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Tanga