Diana Yako na Diana Yangu

Karlsruhe, 9 Novemba

Sahibu yangu Shabani,

Salamu kwako, shemeji na watoto. Huku sote wazima, ila baridi imeshaanza kutuandama.

Picha zako nimezipata. Hongera, bunduki ya upepo uliyopata hapo Leicester ni nzuri. Ila si Mjerumani kama muuzaji alivyokuapia. Chapa yake ni Diana kweli, lakini ni Diana ya Uskoti. Soma maandishi juu ya silinda: “Made in Great Britain”. Mjerumani gani huyo?

Kisa chake ni hiki. Diana za asili zinatoka Rastatt, mji ulio jirani na hapa, kwa treni ni mwendo mfupi tu. Kampuni ya Jakob Mayer na mwenzake Josef Grammelspacher ilianza 1890, na nembo yao naipenda mno: mungu wa kike wa uwindaji kainua bunduki ya upepo juu ya kichwa, upinde wake kautupa chini miguuni. Majivuno ya biashara hayo! Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wakapigwa marufuku kuunda silaha, hata hizi za upepo. Mashine za Rastatt zikachukuliwa kama fidia ya vita, zikaishia Motherwell, Uskoti, kwa Millard Brothers, wale waliojulikana kama Milbro. Jina la Diana nalo likaenda nazo. Rastatt waliporuhusiwa kuanza upya, mnamo 1950, wakakuta Uingereza jina lao lina mwenyewe mwingine. Ikabidi huko wauze kwa jina la Original, na Marekani bunduki zilezile zikapigwa chapa za Hy-Score na Winchester. Ndiyo maana nakwambia, ukiwa hapo Uingereza na unatafuta ya Rastatt ya miaka hiyo, tafuta iliyoandikwa Original. Jina la Diana lilirudi kwao miaka ya 1980, Milbro walipokwisha kufunga.

Sasa usiiuze hiyo kwa hasira. Bunduki ni mtoto halali wa mashine zilezile, na mimi ningeiweka ukutani bila kusita. Tofauti utaiona kwenye triga. Yangu ni Diana 27 kama yako, imegongwa “06 72” kwenye silinda karibu na kitako, yaani Juni 1972. Ndani ya triga mna gololi tatu ndogo za chuma zinazoshikilia pistoni mpaka uvute. Ukiigusa, inaachia kwa ulaini usioutarajia katika bunduki ya kufundishia vijana. Ila siku ya kuifungua, tandaza shuka jeupe kwanza, maana gololi zikidondoka sakafuni utazitafuta hadi kesho. Yako haina mtambo huo, na kwa mtu anayeanza hiyo ni heri.

Tafadhali usiipige msasa. Najua mkono unakuwasha. Rangi ya kitako iliyofifia pale shavu linapoegemea ndiyo wanayoitafuta wakusanyaji, na bunduki iliyong’arishwa upya hushuka bei papo hapo. Kama wosha ya pistoni bado ni ya ngozi, tia matone machache ya mafuta tu, iache ilale mtutu juu usiku mzima. Mafuta yakizidi huwaka ndani, ikatoa moshi na mlio wa kuwashtua majirani. Wala usiifyatue bila risasi, springi na pistoni vitaumia.

Umeuliza kuhusu bastola. Ninayoitamani ni Walther LP 53, nayo ya upepo. Springi yake imefichwa ndani ya mpini, na mtutu unaukunja kwa kusaidiwa na kipande cha mbao. Umeshaiona pengine bila kujua: Sean Connery kaishika katika zile picha maarufu za kutangazia filamu za James Bond, kwa sababu siku ya kupiga picha bastola halisi haikuletwa, mpiga picha akatoa yake ya upepo. Bastola hiyohiyo iliuzwa mnadani Christie’s mwaka 2010 kwa zaidi ya pauni 270,000. Nyingine za aina hiyo hazina bei ya kichaa namna hiyo, lakini ile niliyoionyeshwa mwezi jana kilenga chake hakikuwa cha asili, kilibandikwa tu, nikairudisha mezani.

Halafu mambo ya sheria. Yangu ina alama ya F ndani ya pembetano, maana yake nguvu ya risasi yake haizidi jouli 7.5, na mtu mzima yeyote hapa anaruhusiwa kuinunua. Hata hivyo njiani lazima iwe ndani ya begi lililofungwa kwa kufuli, na mtu wa rangi yetu mwenye begi refu kituoni, unajua mwenyewe anavyotazamwa. Siichukui treni, naomba lifti.

Wewe ukienda kwa mdogo wako Glasgow Krismasi, iache nyumbani. Uskoti wanadai cheti tangu mwisho wa 2016, hata kwa bunduki iliyozaliwa kwao. Na nitumie picha ya upande wa chini wa triga, nikuambie skrubu ipi usiiguse.

Wako,
Mbwana