Mjomba, ile haikuwa fidia

Shikamoo Mjomba,

Siku ile mezani niliinamisha kichwa nikaendelea kula, ukadhani tumekubaliana. Habari ilikuwa ya wale bibi wa Korea waliofanywa watumwa wa ngono na jeshi la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukazima televisheni, ukasema: "Hawa si walishalipwa? Wanataka nini tena?" Kukujibu pale mbele za watu ingekuwa utovu wa adabu. Ndiyo maana nakuandikia, tena hadharani, kwa kuwa nimeshawasikia wengi wakiuliza hivyohivyo.

Nikiri kwanza: pesa zilitoka kweli, tena zaidi ya mara moja. Ila unamkumbuka yule jamaa aliyeugonga ukuta wako kwa gari? Alikuja usiku na bahasha, akasema ni ya kukusaidia tu kwa ujirani mwema, yeye hahusiki. Ukamrudishia bila kuifungua. "Kama huhusiki, sihitaji msaada wako. Kama unahusika, sema." Nilikuwa mlangoni, nilisikia kila neno.

Sasa mtazame Kim Hak-sun, mmoja wa bibi hao. Tarehe 14 Agosti 1991, akiwa na miaka 66, alikaa mbele ya waandishi wa habari mjini Seoul akasema kwa jina lake na kwa uso wake yaliyompata. Mume alishafariki, na watoto pia. Kilichomtoa ndani ni hasira: mwaka uliotangulia, ofisa wa Japani alikuwa ameliambia bunge lao kwamba wanawake wale walizungushwa tu na wafanyabiashara binafsi walioandamana na jeshi. Yaani, hatuhusiki. Miezi michache baada ya Kim kusema, mwanahistoria Yoshimi Yoshiaki alitangaza nyaraka za jeshi lenyewe alizozikuta kwenye maktaba ya idara ya ulinzi mjini Tokyo, na mwaka 1993 serikali ikakiri kwamba jeshi lilihusika, ikaomba radhi.

(Na lile jina walilopewa, "wanawake wa faraja", tuliache, Mjomba. Faraja ya nani? Wakorea huwaita halmoni, bibi, na mimi linanitosha.)

Ukisoma hadi hapo utasema basi, yamekwisha. Mimi pia niliwahi kudhani hivyo. Mwaka 1995 ukaundwa Mfuko wa Wanawake wa Asia. Kila bibi aliahidiwa yen milioni 2 na barua ya waziri mkuu. Lakini zile yen milioni 2 zilikuwa michango ya wananchi wa kawaida. Serikali ilichangia upande wa matibabu na ustawi, huku ikishikilia kwamba kisheria haidaiwi chochote, kwani madai yote yalimalizwa na mkataba wa 1965 kati yake na Korea Kusini. Mkataba uliosainiwa miaka 26 kabla Kim hajafungua kinywa! Bahasha ileile ya usiku. Wengi wa bibi wa Korea waliikataa, baadhi yao wakiwa hawana kitu.

Ikaja Desemba 28, 2015. Mawaziri wa mambo ya nje wa nchi mbili wakasimama Seoul wakatangaza kwamba suala limemalizwa "kwa namna ya mwisho na isiyobatilishwa". Safari hii yen bilioni 1 zilitoka hazina ya Japani, na radhi ikaombwa kwa jina la waziri mkuu. Bado Tokyo ilisema hayo si malipo ya kisheria. Bibi wenyewe hawakuulizwa kwanza wanataka nini. Wengi wa waliokuwa hai walizipokea fedha hizo, na siwalaumu hata kidogo. Mtu wa miaka 90 ana haki ya kuchoka. Wengine walikataa, na mfuko uliokuwa ukizigawa ulivunjwa baadaye.

Kilichonikera zaidi katika makubaliano yale ni sanamu. Kila Jumatano tangu Januari 8, 1992, watu huandamana kwenye ubalozi wa Japani mjini Seoul. Katika maandamano ya 1,000, Desemba 2011, waliweka hapo sanamu ya shaba ya msichana aliyeketi. Nywele zimekatwa ovyo, ngumi zimekunjwa mapajani. Yuko peku, na visigino vyake havigusi ardhi, kama mtu asiye na uhakika kwamba amefika nyumbani. Kiti cha pembeni yake ni kitupu. Humo ndani ya maneno ya msamaha, Japani ilitaka ashughulikiwe, na Korea ikaahidi kujitahidi. Mtu anakuomba radhi huku ameshika picha ya mwanao ili aiondoe ukutani!

Mahakama? Mwaka 1948, mahakama ya kijeshi ya Waholanzi huko Batavia, Jakarta ya leo nchini Indonesia, iliwahukumu maofisa wa Kijapani kwa kuwalazimisha wanawake wa Kiholanzi katika madanguro ya jeshi. Wasichana wa Indonesia waliopitia hayohayo kwenye visiwa vilevile hawakupata kesi ya namna hiyo. Wakorea walisubiri hadi Januari 2021, mahakama ya Seoul ilipoamua kwamba kinga ya dola, ile inayozuia nchi kushtakiwa katika mahakama za nchi nyingine, haifuniki uhalifu dhidi ya binadamu, ikaagiza Japani ilipe won milioni 100 kwa kila mlalamikaji kati ya 12. Kesi nyingine ilitupwa miezi mitatu baadaye kwa kinga hiyohiyo, kisha mahakama ya juu ikaifufua Novemba 2023 na kuagiza won milioni 200 kila mmoja. Japani haikufika mahakamani, haikukata rufaa, haijalipa.

Umeuliza wanataka nini. Wamelisema Jumatano baada ya Jumatano: serikali iseme hili lilikuwa kosa lake kisheria, ilipe kwa jina hilo, na watoto wa Japani wasome habari hii shuleni. Kim alifariki Desemba 1997 bila kuyapata. Kati ya takriban 240 waliojiandikisha Korea Kusini, waliobaki hawafiki 10.

Jumapili nitakuja, Mjomba. Safari hii usiizime televisheni.

Wako mpwa.