Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Tuhesabie viwanda vya Mwanza kimoja kimoja

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Nyakato, Mwanza. Mimi ni fundi mitambo. Nimezoeana na mota, kompresa na vinu vya mkoa huu tangu ujana, na katika kazi yangu mtu hujua uchumi unakoelekea kwa kuangalia nani anampigia simu. Zamani walionipigia walikuwa wenye vinu vya pamba. Wakafuata watu wa viwanda vya samaki. Siku hizi simu nyingi zinatoka kwa wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, wakandarasi na wauza maji ya chupa.

Hotuba zinatuambia kwamba viwanda vinakua. Sibishi. Shida yangu ni hesabu yenyewe. Katika takwimu za taifa, kundi la viwanda na ujenzi hubeba pamoja madini, umeme, maji, ujenzi na uzalishaji wa bidhaa. Ni sawa na kupanga darasa zima juu ya mzani mmoja, kisha kutangaza kwamba watoto wamenenepa. Kwa miaka ya karibuni Mwanza tumejenga kweli: daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025, reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, ambayo bado inajengwa, na meli ya MV Mwanza ya abiria 1,200 na mizigo tani 400. Kundi hilo lingeachaje kupanda? Lakini daraja likishakamilika, nondo haziagizwi tena na welda anarudi kijiweni. Kiwanda cha nyuzi kikisimama, hata kama takwimu ya kundi haikushuka, mkulima wa Kwimba na kibarua wa Igoma wanajua kuwa kuna kitu kimekwenda.

Pamba ndiyo iliyotufundisha viwanda huku. Mwaka 1955 wakulima wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao chini ya Shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi, wakaanza kumiliki vinu vya kuchambulia pamba ambavyo awali vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara binafsi. Baadaye kikaja kiwanda cha nguo cha Mwatex, cha kusokota na kufuma. Vyama vikavunjwa 1976, vikarudi miaka ya 1980, na 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa kila mwenye mtaji. Leo pamba nyingi inachambuliwa, inafungwa marobota, inapanda lori na kwenda nje ikiwa bado haijasokotwa. Vinu vingi vinafanya kazi miezi michache ya msimu, kisha wanafunga geti na mlinzi anabaki. Mota isiyozunguka miezi minane, Mheshimiwa, huharibika kuliko inayozunguka mwaka mzima. Panya na unyevu humaliza waya. Hilo halimo kwenye sera yoyote niliyosoma.

Samaki nao wana hadithi yao. Sangara alipandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na 1960, akajaa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikaota Mwanza na Musoma. Vilileta shifti za usiku, mabarafu, na akina mama wenye visu wanaochuna sangara haraka kuliko mashine yoyote niliyowahi kuifunga. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilizuia samaki wetu zaidi ya mara moja, na ndipo tulipojifunza kwamba kiwanda kinaweza kufungwa na barua iliyoandikwa mbali sana na hapa. Serikali ilijibu vizuri: ukaguzi ukakazwa, na leo tuna maabara ya samaki pale Nyegezi.

Lakini hakuna maabara inayozalisha sangara. Samaki wamepungua, viwanda vinaendesha mashine chini ya uwezo wake, na chumba cha baridi hula umeme uleule kikiwa nusu tupu. Kiwanda kimoja nilichokihudumia kilitoka shifti tatu hadi moja bila tangazo lolote, kwa sababu vibarua hawaachishwi kazi; hawaitwi tu. Wakati huohuo, bondo la sangara, yaani kibofu chake cha hewa, ambalo zamani halikuwa na maana sana kwa mvuvi wa kawaida, kwa kilo limeipita minofu kwa mbali, na linakwenda China likiwa limekaushwa tu. Fedha inaongezeka, mikono inapungua. Takwimu ya mauzo ya nje haitakuonyesha hilo.

Dhahabu nitaigusa kwa kifupi. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa hapa Juni 2021, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) likiwa mbia, kimejengwa kwa uwezo wa kilo 480 kwa siku. Nakipongeza; ni bora kuliko kuisafirisha ikiwa ghafi. Ila kilo moja ya dhahabu hushinda marobota mengi ya pamba kwa thamani, na kuisafisha hakuhitaji mamia ya watu getini saa moja asubuhi. Tusiitumie kupima ajira.

Sasa nenda Mwaloni Kirumba. Magunia ya dagaa yanapakiwa kwenda mikoani na Kongo, na sehemu yake inaishia kwenye chakula cha kuku. Kwa uzito, dagaa ndio wengi kuliko samaki wote wanaovuliwa ziwani. Wanakaushwa juu ya mchanga na mawe, mvua ikinyesha wanaoza. Hapa kuna kiwanda kikubwa ambacho hakina paa, na sioni anayekihesabu. Pembeni yake wananchi wamekopeshwa vizimba vya kufugia sato, na chakula cha sato ndicho gharama kubwa ya mfugaji. Dagaa na mashudu ya alizeti tunavyo kanda hii. Nani anavikutanisha?

Naomba mambo matatu, na hakuna linalohitaji jiwe la msingi. Takwimu za viwanda za mkoa zitolewe kwa mgawanyo: uzalishaji peke yake, madini peke yake, ujenzi peke yake, zikiwa na idadi ya wafanyakazi wa kudumu na vibarua kwa kila msimu. Vikaushio vya dagaa na chakula cha samaki viingizwe katika mipango ya viwanda, visiachiwe uvuvi peke yake. Na tupatiwe karakana ya kuyeyusha na kumimina chuma yenye hadhi, maana tunakereza shafti wenyewe, lakini gia kubwa ikivunjika tunaisubiri kutoka Dar es Salaam au nje, na kiwanda kinalala.

Hili la mwisho lina haraka. Reli ikianza kubeba mizigo, itateremsha bidhaa za bandarini hadi mlangoni kwetu kwa bei ambayo viwanda vyetu vidogo havijawahi kushindana nayo. Mabehewa yanayorudi yatapakia nini?

Wako mtiifu,
Fundi mitambo, Nyakato, Mwanza

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Mwanza, Ofisi ya Taifa ya Takwimu