Bando la kijana ni nauli yake

Mhariri,

Mimi ni mlezi wa kikundi cha vijana hapa Muheza, mkoani Tanga, mwaka wa 14 huu. Nina ombi kwa wote wanaotupangia mafunzo, wawe wafadhili, mashirika au halmashauri: mkihamishia mafunzo ya vijana kwenye simu, msiiache nauli nyuma.

Enzi za semina za ukumbini, bajeti ilikuwa na nauli, chai na chakula cha mchana. Kijana aliyeshuka kutoka Amani, kule milimani kwenye iliki na karafuu, alisaini karatasi akarudishiwa hela yake ya bodaboda. Mafunzo yalipohamia mtandaoni fungu hilo likafutwa, kwa hoja kwamba hakuna anayesafiri. Ni kweli hasafiri. Lakini ananunua bando, na kwa kijana anayechuma machungwa kwa kibarua, hela ya bando ndiyo hiyohiyo hela ya mboga nyumbani kwao.

Mwaka jana shirika moja lilitualika kwenye kozi ya wiki sita ya biashara ndogo, vipindi viwili kwa wiki, kila kimoja saa nzima kwa video. Walijiandikisha vijana 32. Wiki ya kwanza niliona majina 27 kwenye kioo, wiki ya tatu yakabaki 11. Mratibu akanipigia kuuliza kwa nini vijana wetu hawana mwamko.

Neno lile liliniuma, maana siku hiyohiyo nilikuwa nimemkuta binti mmoja wa kikundi chetu nyuma ya ofisi ya kata, chini ya mwembe, mahali mtandao unaposhika. Alikuwa amesimama, kwa sababu akiketi tu mtandao unakata. Simu yenyewe ni ya kaka yake, dereva wa bodaboda, aliyekubali kumwachia saa moja ya mchana wakati abiria ni wachache. Kioo kimepasuka pembeni, daftari ameliegemeza kwenye shina la mti anaandika kwa kuinama. Mara mwalimu wa kwenye video akaganda, kile kiduara kikaanza kuzunguka. Ukaingia ujumbe kwamba bando linakaribia kuisha. Akazima data palepale, akaniambia, "Mwalimu, iliyobaki ni ya kaka, wateja wake wanamtafuta humuhumu WhatsApp." Binti yule ana mwamko kuliko watu wazima wengi ninaowafahamu. Alichokosa ni bando.

Kuna na suala la laini, ambalo wanaopanga kozi huwa hawalifikirii. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, na kitambulisho cha taifa ni cha aliyefikisha miaka 18. Kijana wa miaka 16 anatumia laini yenye jina la mama, shangazi au kaka. Kozi ikimtaka athibitishe namba, tarakimu za uthibitisho zinaingia kwenye simu iliyoko shambani. Laini ikipotea, hairudi mpaka mama mwenyewe aende kwa wakala kuweka kidole. Nimeshuhudia kijana akiachwa na kozi nzima kwa sababu mama yake alikuwa Korogwe anauguza.

Wala sisemi turudi ukumbini. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona tarehe 17 Machi 2020, mpaka zilipofunguliwa 29 Juni, grupu letu la WhatsApp ndilo lililotushika pamoja. Na siku hizi kijana asiyejua kutumia mtandao anafungiwa mlango hata na haki zake. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni ya vijana, maombi yake yanapita kwenye mfumo wa kielektroniki. Simu ni lazima. Ninachopigania ni namna ya kuitumia.

Sisi tulijifunza kwa kukosea. Video za saa nzima tuliziacha. Mafunzo yetu wenyewe tunayarekodi kwa sauti, dakika nne au tano kila kipande, yanatumwa jioni. Sauti ya dakika nne inakula kiasi cha MB 1 tu, na kijana anaisikiliza huku anafua au anachunga. Mwenye kitochi, simu ndogo isiyo na WhatsApp, anakwenda kusikiliza kwa mwenzake, wanajadiliana, jibu linarudi kwa ujumbe wa kawaida. Jumamosi tunakutana ana kwa ana, tunafanya kwa mikono yale tuliyoyasikia. Si jambo geni. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na kampuni ya simu ya Airtel walipoanzisha VSOMO, mafunzo ya ufundi kwa simu, mwaka 2016, nadharia ilisomwa kwenye simu, kisha mwanafunzi akaenda karakana ya VETA kufanya vitendo. Mtu hajifunzi kuchomelea vyuma kwa kutelezesha kidole kwenye kioo.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa ni kwamba wapo wanaofunguka kwa simu kuliko kwa macho. Tulikuwa na binti wa miaka 17 aliyekaa nasi miezi minane bila kutoa neno kwenye mkutano. Usiku mmoja, saa tano, akanitumia ujumbe wa sauti. Alinong'ona. Nyumbani kwao, alisema, wameanza kuzungumzia mahari, naye hajaulizwa.

Niliandika jibu, nikalifuta. Simu aliyotumia ilikuwa ya shangazi yake, na shangazi alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye mazungumzo yale. Jibu langu lingesomwa na mtu asiyefaa, na binti angelipia. Asubuhi nilipanda bodaboda, nikaenda pamoja na afisa maendeleo ya jamii, tukafika kwa kisingizio cha kutembelea wanakikundi wote. Ilichukua ziara nne. Leo yuko kidato cha nne.

Tangu siku ile tuna utaratibu. Kila kijana amekubaliana nami neno lake, uso kwa uso, na sijibu jambo la ndani mpaka neno hilo liingie, ndipo nijue simu iko mkononi mwake. Namba 116, simu ya bure ya msaada kwa mtoto, wanaijua kwa kichwa. Orodha ya majina na namba zao hairushwi kwenye grupu wala haipelekwi kwa mfadhili bila ridhaa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na watoto hawa wanastahili kulindwa nayo kama mteja yeyote wa benki. Haya yote yanataka muda wa mlezi, na muda huo, wa saa tano usiku, haumo kwenye bajeti yoyote niliyowahi kuiona.

Niliwahi kumweleza mhasibu wa mradi mmoja suala la bando, akanijibu kwamba bando halina risiti. Nilimuuliza, bodaboda wa Amani aliwahi kutoa risiti lini? Tulikuwa tunasainiana karatasi, na hesabu zilipita kila mwaka. Anayemnunulia kijana bando leo anapata ujumbe wa muamala wenye tarehe, saa na kiasi, hadi senti. Ushahidi ni bora kuliko ule wa zamani. Ninachoomba ni kwamba kila mradi wa mafunzo ya mtandaoni uwe na mstari wa bando la washiriki, na mstari wa mlezi aliye karibu nao kiasi cha kuwafikia kwa pikipiki.

Mafunzo yetu yajayo yanaanza msimu wa machungwa ukiisha. Fomu ya bajeti ninayo hapa mezani. Penye kisanduku cha nauli nimeandika kwa kalamu: bando, vijana 32, wiki 6. Naomba safari hii mstari huo usikatwe.

Mlezi wa vijana,
Muheza, Tanga