Barua kwa Baba kuhusu umri wa Injili

Manchester

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila baridi ndiyo inatutesa. Nimesoma jinsi ulivyoumia siku yule kijana aliposema mbele ya darasa lako la Biblia kwamba Injili zilitungwa miaka mia tatu baada ya Yesu, kwa kuwa Biblia kongwe ni ya karne ya 4.

Ni kweli Codex Sinaiticus, nakala ya kale ya Biblia iliyoandikwa kwa mkono na yenye Agano Jipya zima, ni ya karne ya 4. Ila huo ni umri wa nakala. Cheti cha kuzaliwa mlichonitolea upya nilipokuwa naomba pasipoti kina tarehe ya kutolewa ya mwaka ule ule, na hakuna aliyedhani ndipo nilipozaliwa. Nakala inathibitisha tu kwamba maandishi yalikuwapo kabla yake. Yalitangulia kwa muda gani, haisemi.

Hapa mjini, kwenye Maktaba ya John Rylands, kuna kipande cha mafunjo (karatasi ya kale ya matete) kiitwacho P52, chenye urefu wa sentimita 9 hivi na upana wa 6. Upande mmoja kina maneno ya Yohana 18:31-33, wa pili 18:37-38: Yesu mbele ya Pilato. Kwa kuwa kimeandikwa pande zote mbili, kilitoka kwenye kitabu cha kurasa, si gombo. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920, na mtaalamu wa hati za kale, C. H. Roberts, akakichapisha mwaka 1935, akikiweka nusu ya kwanza ya karne ya 2.

Hata hivyo, Baba, wahubiri wanaosema kipande hiki ni cha mwaka 125, kana kwamba mwaka huo umepigwa muhuri, wanazidisha. Kipande hakina tarehe. Roberts alilinganisha mwandiko wake na hati nyingine, na mwaka 2005 mtafiti Brent Nongbri alionyesha kwamba mwandiko wa aina hiyo unapatikana hata mwishoni mwa karne ya 2 na mwanzoni mwa ya 3. Naona afadhali tuseme hivyo waziwazi kuliko kuitetea Injili kwa uhakika tusio nao.

Ukimjibu kijana, anza na Ireneo, askofu wa kale wa Lyon. Yeye aliandika mnamo mwaka 180, na tayari anazitaja Injili zote nne kwa majina. Wataalamu wengi huiweka ya Yohana kati ya mwaka 90 na 100, na wanategemea ushahidi wa namna hiyo pamoja na yaliyomo ndani ya Injili yenyewe, si kipande hiki peke yake. Na umwite mezani, msome pamoja. Swali lake ni zuri.

Msalimie Mama na wadogo zangu.

Mwanao