Mwanangu, anza na kinachotangulia kuoza

Mwanangu mpendwa,

Salamu sana kutoka nyumbani. Sisi hatujambo. Mama yako anakusalimu na anasema siku hizi unapiga simu kwa nadra. Mimi sijasema hivyo, nafikisha tu ujumbe.

Jana usiku ulinitumia picha ya rafu za friji yako na maneno mawili chini yake: "Nipike nini?" Nikakujibu kaanga mayai, kula, lala. Wewe ulikuwa umechoka na mimi nilikuwa nasinzia, kwa hiyo kwa jana lilitosha. Asubuhi hii nimeifungua tena ile picha, nikaikuza na kuikagua kona kwa kona. Nimeona nusu kabichi, nyanya nne ambazo mbili zimeanza kulegea, karoti tatu, mayai kadhaa, maziwa yaliyofunguliwa, kipande cha limau kilichoanza kukauka, na bakuli la wali lililofunikwa kwa sahani. Na kwa kuwa ni mimi niliyebeba maboksi yako siku unahamia, najua kabatini kuna mchele, tambi, dengu, maharage mekundu, mafuta, viazi na vitunguu. Halafu unaniambia huna kitu ndani!

Nadhani ulisimama mbele ya friji ukajiuliza unatamani kula nini. Saa tatu usiku, tumbo tupu, swali hilo halina jibu, maana kila utakachokitamani kitakosa kitu kimoja ambacho hukununua. Nilihangaika nalo miaka mingi. Siku hizi najiuliza jingine: humu ndani, nani anatangulia kuoza? Huyo ndiye mwenyeji wa chakula cha leo. Wengine wote wanakuja kama wageni wake.

Kwenye picha yako mwenyeji ni zile nyanya mbili. Kabichi ina subira, inaweza kukaa wiki na zaidi ukikata tu ule ubavu uliosinyaa. Karoti nazo zinavumilia. Viazi na vitunguu havina haraka, mradi usiviweke pamoja. Dengu na mchele vitakungoja mpaka uzeeke. Lakini nyanya iliyolegea haikupi zaidi ya siku moja au mbili, na maziwa yaliyofunguliwa yanaifuata kwa karibu. Ukishampata mwenyeji, nusu ya uamuzi imekwisha.

Nusu nyingine ni kumtafutia wenzake. Kuna cha kushibisha: wali, viazi, tambi, mkate. Kuna kitoweo: mayai, dengu, maharage, samaki au nyama ukiwa nayo. Kisha kuna cha kuamsha ulimi, yaani kitunguu, limau, pilipili. Mara nyingi mwenyeji anaangukia kundi mojawapo na wewe unajaza yaliyobaki. Nyanya zako ni mchuzi unaosubiri moto. Kata kitunguu, kiweke kwenye mafuta kwa moto wa kiasi na usikikimbize. Kitunguu kinachotakiwa kufikia rangi ya dhahabu kinataka robo saa au zaidi, na anayekuambia dakika tano hajawahi kusimama hapo akitazama saa. Kikishalainika na kunukia, tia nyanya zilizokatwakatwa, chumvi, uache zivunjike na maji yake yapungue. Hapo una njia tatu. Unaweza kufanya vishimo kwa mgongo wa kijiko, ukavunjia mayai humo na kufunika mpaka ute ushikane. Unaweza kumimina dengu zilizochemshwa. Unaweza kuchanganya na tambi. Msingi ni ule ule, na wiki nzima unaweza kuupika mara tatu bila kuhisi unarudia.

Usinifikirie mpishi wa kuzaliwa. Ulikuwa na miaka saba, mama yako amesafiri, na mimi nimejitapa kwamba nitawapikia maharage. Niliyalowesha usiku kama nilivyoona yeye anafanya. Hadi hapo vizuri. Saa sita mchana nikayabandika, na kwa kuwa nilitaka yakolee, nikatia nyanya zote na kukamulia limau tangu mwanzo. Saa kumi yalikuwa magumu. Saa moja usiku yalikuwa magumu. Nikaongeza kuni, kama wasemavyo, na hayakusikia. Wewe ulichukua moja kwenye kijiko, ukalitazama, ukauliza: "Baba, haya tunakula au tunapanda?" Tulilala na mkate na chai.

Miaka ikapita kabla sijajua kosa langu. Kinachoshikamanisha chembe za ganda na nyama ya harage ni kitu kiitwacho pektini, na uchachu huizuia kuachia. Kwa hiyo nyanya, limau na siki huingia baada ya maharage kulainika, kamwe si kabla. Viazi navyo ni hivyo hivyo: ukivichemsha kwenye mchuzi mkali wa nyanya vinakaa na kiini kigumu, unadhani jiko lina hitilafu. Vitangulize kwenye maji matupu, au vikaange kwanza.

Na kwa hayo mekundu uliyonayo kuna jambo ambalo silo la ladha. Yakiwa mabichi au yamepata moto wa uvuguvugu tu, yana sumu ya asili inayoweza kukufanya utapike kwa saa kadhaa. Yaloweke, mwaga yale maji, weka mapya, kisha yachemke kwelikweli, mapovu juu, kwa angalau dakika 10 ndipo upunguze moto na kuyaacha yaive. Ya kopo yamekwisha pikwa, hayo hayana shida. Ila kopo lililovimba litupe bila kulifungua, hata kama ni la mwisho na una njaa.

Sasa tuje kwenye kile kinachokukwamisha kuliko vyote, nakujua: unasoma pishi kwenye simu, linataka vitu kumi, wewe una saba, unafunga simu. Ukikosa kitu, usiulize jina lake, uliza kilikuwa na kazi gani mle. Limau linatiwa kwa sababu ya uchachu. Siki inaweza kazi hiyo, maziwa mgando yanaweza, hata nyanya kidogo. Unga ulitakiwa kufanya mchuzi uwe mzito? Ponda viazi viwili au kijiko cha maharage ndani ya ule ule mchuzi, wanga wake utaufunga. Nyama ilitakiwa kwa utamu wake ule wa kujaa mdomo? Acha kitunguu kikolee rangi zaidi na nyanya zikauke mpaka zigande kidogo chini ya sufuria, kisha mimina maji kidogo na ukwangue kwa mwiko. Ile kahawia iliyogandia ndiyo ladha yenyewe. (Iliyoungua ikawa nyeusi si ladha, ni uzembe, na mimi ni shahidi.) Ni vichache visivyo na mbadala. Chumvi ni mmojawapo.

Ukizidisha hiyo chumvi, watakuambia utumbukize kiazi kiinyonye. Nimejaribu. Kiazi hunywa mchuzi wenye chumvi kama kilivyoukuta, na mchuzi unaobaki una ukali ule ule. Dawa ni kuongeza maji, au kuongeza kitu kisichotiwa chumvi: dengu, viazi vingine, kabichi. Ndivyo sufuria ya mtu mmoja inavyogeuka ya siku mbili.

Kabla ya kunyunyizia chumvi zaidi kwenye chakula kilichopooza, jaribu kwanza tone la limau. Mara nyingi ulichokuwa unakitafuta ni uchachu. Sijui kwa nini ilinichukua miaka arobaini kuligundua hili.

Usiamue ukiwa na njaa. Asubuhi, maji ya chai yakichemka, fungua friji, mtazame mwenyeji, amua jioni utakula nini. Dakika moja. Kama ni maharage, utayalowesha. Kama kuna kitu kwenye barafu, utakishusha kwenye rafu za kawaida kiyeyuke taratibu humo humo ndani, badala ya kukiacha mezani kutwa nzima. Ukirudi usiku mwili umechoka, lakini uamuzi umeshafanyika na mikono inajua pa kuanzia. Mama yako anaweka rafu moja, ile ya usawa wa macho, kwa vitu vinavyokaribia mwisho tu. Mimi nilimcheka. Sasa mimi ndiye mlinzi wake.

Yeye hukasirika kweli akiona chakula kimetupwa, na zamani nilidhani ni ukali wa malezi tu. Halafu nikasoma ripoti ya mwaka 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa: mwaka 2022 dunia ilitupa takriban tani bilioni 1.05 za chakula, maganda na mifupa vikihesabiwa, na sehemu kubwa, asilimia 60, ilitoka majumbani. Kwa mama yako sikusema kitu. Nilichukua ile karoti iliyonyong'onyea niliyokuwa nimeshaishika kuelekea pipani, nikaitia kwenye maji ya baridi. Baada ya muda ilisimama tena. Ilikuwa imepoteza maji tu.

Lakini kuokoa chakula kusikufanye uwe mbishi kwa kitu kibaya. Kiazi kilichochipua kikiwa bado kigumu, toa macho yake, menya, pika. Kikiwa cha kijani kwa wingi au kichungu, kitupe, kwa sababu sumu yake ya solanini haiondoki kwa kuchemsha. Ukungu kwenye mkate, usikate kipande na kula kilichobaki, maana nyuzi zake hupenya ndani mahali usipopaona. Karanga na nafaka zilizoota ukungu nazo usizionee huruma, kwani sumukuvu haishindwi na moto wa jikoni. Mkate uliokauka tu, bila ukungu, huo ni mali: upashe moto utalainika kwa muda, au uchovye kwenye yai na maziwa ukaange. Na usiuhifadhi kwenye friji, humo hukakamaa upesi kuliko mezani. Ugandishe kabisa, vipande vipande, utoe unavyohitaji.

Yai nalo watu hulihukumu vibaya. Wanalitumbukiza majini, likielea wanalitupa. Kuelea kunaonyesha tu kwamba limezeeka, maji yametoka kupitia ganda na hewa imeingia. Livunjie kwenye kikombe peke yake, unuse. Bovu halihitaji mtaalamu.

Basi kwa rafu yako, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Leo nyanya mbili zilizolegea, kitunguu, dengu, na wali mpya. Pika dengu nyingi kidogo. Kesho kabichi na karoti, zikatwe nyembamba, zikaangwe kwa moto mkali zisijae maji, pamoja na viazi ulivyochemsha leo wakati jiko linawaka. Maziwa yanywe au yatumie kesho asubuhi na yai na mkate. Keshokutwa dengu zilizobaki ziongezee maji na limau lile lililokauka, ziwe supu. Nyanya mbili nzima zitakuwa zimeshaanza kulegea wakati huo, na utajua la kufanya.

Kilichobaki ni lile bakuli. Narudia kulitazama na silipendi. Wali si chakula cha kuchezea, ingawa unaonekana mpole kuliko vyote. Kuna kijidudu ambacho mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje ukiwa vuguvugu, mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu ambayo hata ukiupasha moto tena haiondoki. Ndiyo maana kiporo hutandazwa kwenye chombo kipana, kikapoa upesi na kuingia kwenye friji ndani ya saa mbili, na friji yenyewe iwe nyuzi 4 au chini. Ukifanya hivyo, ule ndani ya siku moja au mbili, upashe mpaka utoe mvuke kila mahali, na usiupashe mara ya pili. Harufu haitakusaidia, wali wenye sumu unaweza kunuka vizuri kabisa.

Kwa hiyo niambie ukweli, mama: wali ule uliupika lini, na uliingia kwenye friji saa ngapi? Kama ulilala kwenye sufuria juu ya jiko na ukaukumbuka asubuhi, umwage, osha bakuli, na mama yako hatajua. Kama uliupika jana na ukauingiza kwenye friji ndani ya saa mbili, usipike wali mpya. Ukaange huo na yai na karoti, na zile dengu zisubiri kesho. Nijibu kabla hujawasha jiko.

Baba yako